Uzi Kwenye Pembe ya Shuka

Mikono ya mfua mashuka ilikuwa imechubuka kama kiazi kilichomenywa na mlevi. Kwa miaka saba alifua mashuka ya hospitali kwa dawa kali ya madoa. Nesi alimwonya: "Mwaka mmoja zaidi, dada, hata kikombe kitakushinda." Tangu siku hiyo usingizi ulimhama.

Mchana alikula na Baridi, mhudumu wa chumba cha maiti. Watu wengine walimkwepa Baridi, utadhani kifo ni mafua. Mfua mashuka alifuata kivuli tu. Benchi la Baridi lilikuwa na kivuli, tena halikuwa na foleni. Urafiki ukaanzia hapo.

"Wateja wako hawajambo?" alimtania.

"Hawalalamiki. Wako?"

"Wangu wamelowa."

Baridi alicheka, kisha akashusha sauti. "Dada, umeona tangazo ukutani? Anatafutwa mtunza stoo ya mashuka. Mwisho ni Ijumaa."

Aliacha kula. "Mimi niliishia darasa la saba, kaka. Na msimamizi wangu wa ufuaji akisikia, si atanifukuza?"

"Wanataka anayejua kusoma, kuandika na kutunza mashuka. Darasa hawakutaja. Na kuomba nafasi si kosa."

Jioni aliandika barua. Mumewe aliisoma, akakuna kichwa. "Mke wangu, tukikosa huku na huku?"

Aliikunja barua, akaiweka chini ya mto. Hata yeye alikuwa akijiuliza hilo hilo.

Kesho yake alimpa Baridi barua. Ilisema: *Nina watoto wanne. Mikono inaniuma. Naomba mnihurumie.*

"Hii ni ya kuomba sadaka," Baridi alisema. "Mwenye kazi hatafuti wa kumhurumia. Anatafuta wa kumtegemea. Unafanya nini ambacho wenzako hawafanyi?"

"Hakuna. Nafua tu."

Baridi alikuwa na shuka safi begani. Akamwonyesha pembe yake. "Na uzi huu?"

"Aa, huo. Mwekundu ni wodi ya wazazi, wa bluu ni watoto, mweusi ni wako. Nilichoka mashuka yakipotea."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

"Basi andika hilo. Halafu mwambie msimamizi mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Mwombe awe mdhamini wako."

Alikwenda na barua mpya mkononi. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Nitapoteza mfuaji mzuri," alisema mwishowe. "Lakini sitasema uongo. Andika jina langu."

Siku ya usaili alikabiliwa na watu watatu, nyuso kavu. "Mashuka yakipotea, utafanya nini?"

 Akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyuzi zake tatu na kuzipanga mezani.

"Yasipotee kwanza," alisema. "Ngoja niwaonyeshe."

Wiki mbili zilipita. Simu ikilia, alishtuka. Isipolia, alishtuka zaidi. Siku ya kumi na tano alipigiwa, akaambiwa aje achukue funguo za stoo.

Sasa mikono yake imepona, na kila wodi ina mashuka yake. Mchana bado anakula na Baridi. Juzi wafuaji wawili walikuja na karatasi na kalamu, wasaidiwe kuandika barua zao. Walikaa kwenye ncha ya benchi, nusu ya makalio hewani.

"Sogeeni," Baridi aliwaambia. "Leo sipokei mtu."