Mkono wa Mzee Pyrek

Haya yalimkuta rafiki yangu Bogumiła, mjane kama mimi, na hajawahi kunidanganya.

Zamani, kila Jumapili baada ya misa, mji wetu mzima wa Łódź ulicheka mbele ya televisheni. Marehemu mumewe, Zenon, ndiye aliyemchezesha kikaragosi Mzee Pyrek. Alipofariki, wenzake waliliziba kwa uzi tundu la Pyrek la kuingizia mkono. Ndiyo desturi yao, ili mwingine asimchezeshe.

Novemba iliyopita studio ya vikaragosi hao ilikuwa karibu kubomolewa. Bogumiła alikwenda kumchukua Pyrek, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kimya mno.

"Mama, umeme umekatwa," mlinzi alimwambia. "Vikaragosi wakikung'ata humo, mimi simo."

"Waning'ate tu, mwanangu. Nimelala na mwenzao maisha yangu yote."

Gizani vikaragosi vilivyotundikwa viligongana polepole, tok, tok, ingawa hapakuwa na upepo. Akapapasa mpaka akaitambua pua ya Pyrek. Akaukata ule uzi kwa mkasi, akaingiza mkono.

Ndani mlikuwa na joto. Vidole vikavifumbata vidole vyake, taratibu, kama Zenon alivyozoea kufanya kanisani, wakati wa kutakiana amani.