Kimashini cha Papa Siméon

Jua lilikuwa linashuka nilipoingia uani kwa marehemu Papa Siméon, fundi wa saa na redio wa mtaa wetu hapa Kalemie. Sikwenda kulia. Nilikwenda kununua.

Mimi ni karani wa reli. Jioni huunganisha redio, kujifurahisha tu. Lakini mwaka ule haikuwa tena mchezo. Masikio ya mke wangu, Bibiane, yalikuwa yameziba baada ya homa kali na dawa nyingi ya kwinini. Miezi mitano nikimwita haitiki. Nilimkosa, nasi tunalala kitanda kimoja. Basi nikamtengenezea kifaa kidogo cha kukuza sauti. Kilichobaki ni kutoboa kibao cha kupachikia vipande vyake matundu arobaini, madogo kama ncha ya sindano.

Kwa kutumia nini? Keke ya mkono ilinivunjia ncha tatu. Mota ya kaseti niliyoifunga kwenye betri iliishiwa nguvu kila ilipogusa kibao. Kimashini kipya cha kutobolea, cha Kijapani, walicholeta wachuuzi wa Kigoma, bei yake ilikuwa mishahara yangu minne. Wezi wale! Cha Siméon kilikuwa cha volti kumi na mbili, chepesi, na taya zake zilibana hata ncha nyembamba kabisa. Tena mjane hajui bei. Ndivyo nilivyofikiri, na naona haya kuandika.

Mama Pélagie, mjane wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Hakuniangalia.

"Kilio bado hakiyaisha," alinong'ona. "Vyombo vya marehemu havitoke mu nyumba mbele ya kuondoa kilio. Urudie siku ya Mungu."

"Mama, siku ya Mungu mwengine atakuwa amekichukua. Bibi yangu Bibiane hasikie."

"Marehemu angali anakitumia."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka katika nyumba ya kilio, kisha nikataja nusu ya bei.

"Weka feza chini," akasema. "Mimi sikupatie na mukono yangu. Ukamate mwenyewe."

Nikakikamata.

Fundi yeyote akinunua kimashini cha namna hii hupima kwanza kama ncha inayumba. Huigusisha kwenye ukucha wa dole gumba. Isipoyumba, huacha kialama kimoja tu. Palikuwa na betri ya gari kando ya ukuta. Nikaunganisha, nikagusa ukucha.

Haikuyumba hata kidogo.

Ilizama.

Tone la damu likaingia katikati ya taya. Nikanyofoa waya upesi. Kimashini kikaendelea kuzunguka. Zzzz... zzzz... Harufu ya tumbaku ikatoka ndani ya mota, yenye joto, ya mtu anayepumua karibu sana.

Ndipo Mama Pélagie aliponiangalia. Sijawahi kuchukiwa vile.

"Sasa anakujua. Toka kwangu."

Ningekitupa ziwani siku ileile. Mwenye akili angekitupa. Lakini nilimtaka mke wangu anisikie, basi.

Nilitoboa matundu yote arobaini, wala hakuna lililokwenda kombo. Mara mbili nilihisi mkono mwingine ukisukuma wangu. Jioni ya pili nikamaliza kulehemu, nikamwekea Bibiane kisikilizio sikioni.

"Bibiane... unanisikia?"

Uso wake ukafunguka. Machozi yakamtoka. Na mimi nikalia kwa furaha.

"Nasikia," alisema. Lakini alikuwa anatazama nyuma ya bega langu. "Karibu, Papa. Ukae."

Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nikagonga meza. Nikagonga sufuria. Nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Bibiane hakugeuka. Alikuwa anaitikia polepole, "Eee... eee...," anatulia, kisha anaitikia tena. Na ile tumbaku ikajaa chumbani.

Nikamchomoa kisikilizio. Akanirukia, akanishika mkono kwa kucha.

"Usinirudishe kule! Kule hakuna muntu!"

Nilimrudishia. Ningefanyaje?

Jumapili, ile siku ya Mungu aliyoitaja, nikapeleka kimashini kwa Mama Pélagie. Hakufungua mlango.

"Mama, nakuomba. Ukikamate. Feza nakuachia."

"Kilio tumeondoa asubuhi," alijibu kutoka ndani. "Siméon hayuko kwetu tena."

Mpaka leo sijui kama ni yule mjane aliyenifanyia haya, au ni ile damu, au ni haraka yangu. Kila ninayemuuliza huondoka kabla sijamaliza.

Jana nilipiga magoti mbele ya mke wangu. Nilimwita jina lake mara saba, uso kwa uso. Aliona midomo yangu ikicheza. Akaiwekea kidole, kwa upole, kama zamani.

"Unyamaze kidogo, Adalbert," akasema. "Papa Siméon hayamaliza kusema."