Mfupa Umeshika

Jioni ile nilipitia dukani kununua sabuni ya kufulia na unga wa uji wa mtoto, nikarudi nyumbani nikijiimbia. Jua lilikuwa limeshazama, taa za mtaani bado hazijawaka. Nilipofika mlangoni niliona ndani giza tupu, na viatu vya mume wangu viko pale pale kizingitini. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto siku hiyo. Sasa mtu mzima na mtoto wakae gizani wakifanya nini?

Nikasukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Ugoro... ugoro uliolowa mate, ule unaoshinda mdomoni tangu asubuhi. Nyumbani kwetu hakuna anayetumia ugoro. Aliyekuwa akiutumia tulishamzika.

Kisha nikasikia sauti kutoka chumbani.

Nyam... nyam... nyam...

Mtu alikuwa akitafuna. Taratibu, bila haraka, mdomo wazi.

Ngoja kwanza nijitambulishe, usije ukadhani mimi ni mwanamke wa kutapika ovyo. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kazi yangu ni kushika bomba la kunyonya mate, kuosha vifaa, na kumwaga kopo ambalo wewe ukiliona utasusa chakula. Usaha umewahi kunirukia kwenye miwani. Nimewahi kutoa kwenye shimo la jino kipande cha nyama kilichoshaota ukungu, nikanawa mikono, nikarudi kumalizia mkate wangu. Mtu akinitia kinyaa mimi, ujue amejitahidi.

Na aliyejitahidi alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa kibogoyo. Meno yake yalimtoka moja moja, na kila lilipotoka alilitia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, akakifunga kwa kitambaa. Ufizi wake ulikomaa kama kisigino, hata mfupa wa kuku haukumshinda. Na alikuwa na tabia ya kuwatafunia wajukuu. Anatia tonge mdomoni, pale pale penye ugoro wake, analitafuna mpaka linakuwa uji wa rangi ya udongo, analitema kiganjani, kisha anamtia mtoto mdomoni kwa kidole. Uzi wa mate unabaki ukining'inia kati ya mdomo wake na wa mtoto.

Watoto wa wifi yangu walilelewa hivyo. Mume wangu naye alilelewa hivyo, tena alijisifia. "Mbona mimi sikufa?" alikuwa akisema.

Lakini huyu wangu alikuwa wangu. Tulimwita Bonge kwa sababu alizaliwa na mashavu ya mtu anayepuliza moto. Siku nilipomkuta mama mkwe amempakata, kiganja kimeshajaa, nilimpokonya mtoto mbele ya wageni.

"Mama, unisamehe," nilimwambia, "lakini mwanangu hatakula matapishi."

Nilisema, na ningesema tena. Mama mkwe alinitazama, akajifuta kiganja kwenye nguo yake.

"Haya, mkwe. Mtoto ni wako. Lakini mjukuu wangu atakula kwangu. Niwe na meno, nisiwe nayo."

Alifariki Bonge hajajua hata kukaa.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Zamani kidogo geti moja lilimponyoka, likamng'oa magego mawili ya chini, upande wa kushoto, na tangu hapo akawa anatafuna upande mmoja. Baada ya msiba nilimwombea kwa daktari wangu, akakubali kumwekea meno ya kupandikiza.

Kazi hiyo inataka subira. Daktari anapasua ufizi, anatoboa taya, anaingiza skrubu ndani ya mfupa. Mfupa ukiwa mwembamba, kama ulivyokuwa wa mume wangu, anaujazia unga wa mfupa unaokuja kwenye pakiti iliyofungwa, kisha anashona. Baada ya hapo ni kungoja miezi, mpaka mfupa uote kuizunguka skrubu na kuibana. Siku ya kupima, daktari anaigonga kwa mpini wa kioo chake kidogo. Ikitoa sauti butu, tup, mfupa umekataa. Ikilia ting, kama kijiko kwenye glasi, mfupa umeshika.

Za mume wangu zililia ting mapema mno. Daktari alishangaa, akagonga tena.

"Huu mfupa wako una njaa," alisema.

Tukacheka wote watatu, mimi bomba mkononi. Akamfungia meno mapya juu ya zile skrubu, mume wangu akaenda zake akitabasamu kwenye kila kioo anachopita.

Sasa turudi kwenye jioni ile.

Nilitua mzigo wangu chini, nikanyata mpaka mlango wa chumba. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, na Bonge yuko mapajani. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akikaa vile. Mume wangu alikuwa amenipa ubavu, na kwa mwanga hafifu wa dirishani niliona taya likipanda na kushuka. Alikuwa akitafunia upande wa kushoto tu.

"Baba Bonge," niliita kwa sauti ndogo.

Hakugeuka. Akatema kitu kiganjani... pwaa. Bonge, ambaye mimi humbembeleza mpaka nachoka ili ameze kijiko kimoja, alifungua mdomo mwenyewe.

"Baba Bonge, unafanya nini?"

Kidole kikaingia mdomoni mwa mtoto. Kikasugua ufizi. Mbele, nyuma... mbele, nyuma...

"Acha mjukuu ale, mkwe."

Sauti ilikuwa ya mume wangu. Lakini mume wangu hajawahi kuniita mkwe.

Nikapapasa ukuta, nikawasha taa. Akanigeukia. Macho yalikuwa yamefumba, mtu amelala fofofo, taya tu ndilo lililokuwa macho. Udelele wa kahawia ulimtiririka kutoka pembe ya mdomo mpaka kifuani.

Nilimnyakua mwanangu, nikakimbilia jikoni, nikamtia kidole mdomoni. Nikatoa donge la vuguvugu. Ndani yake mlikuwa na mkate, na chembechembe nyeusi za tumbaku, na unywele. Nikauvuta ule unywele. Ukaja... ukazidi kuja... mrefu, mweupe, ukitoka pole pole kooni mwa mwanangu. Bonge hakulia. Alinibana kidole kwa ufizi wake. Hakutaka nimnyang'anye.

Nilitapika kwenye sinki. Mimi.

Mume wangu alitokea mlangoni akipepesa macho.

"Kuna nini? Mbona umempakata mtoto hivyo?" Kisha akajilamba, akakunja uso. "Mdomoni mwangu mna nini?"

Nikamwonyesha unywele. Ulikuwa umelala ukingoni mwa sinki, umejiviringa. Akakaa chini.

"Uliweka nini kwenye kidonda chako?" nilimuuliza. Kile alichoweka daktari nilikijua, pakiti niliifungua kwa mikono yangu.

Akanong'ona. "Kikopo cha mama."

"Meno yake?"

"Aliyasaga kabla hajafa. Aliniambia, mwanangu, ukiumia nitie kwenye kidonda, mama hamtupi mwanawe. Siku ile ganzi ilipoisha niliona nyota. Nikachovya kidole kwenye ule unga, nikausukuma katikati ya nyuzi. Maumivu yakakata papo hapo." Alianza kulia kama mtoto. "Ni mama yangu. Ningemkataaje?"

Nilitamani kumzaba kofi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, chetu kilikuwa kimeshapita nguo kikafika kwenye taya. Na mimi nilikuwa nimelibusu lile taya kila siku tangu apone. Nilijifuta midomo mpaka ikawaka moto.

"Umemlisha mara ngapi?"

"Sijui," alisema. "Kuna nyakati nashtuka nimekaa sakafuni."

Daktari tulimkuta anafunga kliniki. Mwanzoni alicheka, kisha mume wangu akafungua mdomo, harufu ikatoka, na kicheko kikaisha. Akawasha taa ya kiti. Mimi nikavaa glavu na kushika bomba, Bonge mgongoni.

Daktari alifungua yale meno, akaweka ufunguo kwenye skrubu ya kwanza, akazungusha. Haikusogea. Akatia nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka, ufunguo ukateleza. Skrubu ya pili vilevile. Akampiga picha ya eksirei, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Skrubu haina mizizi," alisema mwishowe, akijisemea.

Nikasogea. Kila skrubu ilikuwa imeota mizizi miwili, mirefu, iliyojipinda na kulikumbata taya kwa chini.

Daktari akachukua kioo chake, akagonga.

Ting.

Mgongoni kwangu Bonge akajibu.

Nyam.

Akagonga tena. Ting. Nikasikia tena, karibu kabisa na shingo yangu... nyam.

Daktari aliweka kioo chini. "Kuzitoa ni kukata kipande cha taya," alininong'oneza. "Uso wake hautakuwa ule wa zamani."

Mume wangu alisikia. Alimtazama Bonge begani kwangu, machozi yakimteremkia masikioni. Nilimlaani jioni ile, lakini kwa hili nitamsifu mpaka kufa.

"Kata," alisema.

Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba ufizi ulipopasuliwa haikutangulia damu. Yalitangulia maji ya kahawia, mazito, yananuka ugoro, na bomba likayanyonya, likakoroma, likaziba. Nilifungua chujio kwa vidole. Mlikuwa na nywele nyeupe zimesokotana, na kati yake makombo ya mkate yaliyolowa. Nilikaza roho. Kipande cha taya kilipokatika daktari alikidondosha kwenye trei ya chuma, nacho hakikutulia. Ting, ting, ting... kilijigonga pale chenyewe, kikapunguza mwendo, kikanyamaza.

Kulipokucha daktari alikipeleka kwenye tanuri la kuchomea taka, akasimama pale mpaka kikawa majivu.

"Ni maambukizi," aliniambia bila kunitazama. "Tuseme ni maambukizi."

Tukasema hivyo. Mume wangu ana shavu lililobonyea upande mmoja, anaongea kwa kuvutavuta, lakini analala usiku kucha kitandani kwake na ananuka sabuni. Nilidhani yameisha.

Bonge akagoma kula.

Kijiko kikikaribia anafumba mdomo. Titi analigeuzia uso. Nilimpikia hiki na kile, nikamwimbia, nikamchezea ndege kwa kijiko, wapi. Mashavu yakapungua, kisha yakaisha, na shingo ikawa uzi. Majirani waliona haya hata kumwita Bonge. Mwanangu alikuwa anakwisha mikononi mwangu, na mimi sina la kufanya.

Jioni moja nilifaulu kumpenyeza kijiko cha uji. Kikagonga kitu.

Ting.

Kila mama anaingojea sauti hiyo. Jino la kwanza! Mume wangu alikuwa anakula mezani. Akainua kichwa, nikaona uso umempauka.

Nikagonga tena, polepole.

Ting.

Nilimpeleka mtoto chini ya taa, nikamfungua mdomo kwa kidole. Mbele, ambako watoto wote huanzia, hamkuwa na kitu. Lilikuwa nyuma kabisa. Chini, upande wa kushoto. Gego zima, la njano, limelika juu, lina utando wa kahawia.

Bonge akautoa mkono wangu. Akaokota kipande cha mkate kwenye sahani ya baba yake, akakitia mdomoni, akatafuna. Taratibu, bila haraka, mdomo wazi. Mume wangu alitoka nje mbio, nikamsikia anatapika uani. Bonge hakumeza. Alitema kiganjani, akaninyooshea mkono mpaka midomoni, na akangoja.

Daktari anasema jino hilo haling'oleki. Mfupa umeshika.

Na Bonge hamezi chochote mpaka nimeze mimi kwanza. Ana kiganja chake kidogo, kimejaa, na uzi wa mate unaning'inia kati yake na mimi. Anangoja kwa subira ya mtu mzima. Siku ya kwanza nilikataa, akalala njaa. Siku ya pili nilikataa, asubuhi yake hakuweza kuinua kichwa.

Jana jirani alimbeba, akamrusha juu, akacheka. "Mama Bonge, hongera! Unamlisha nini huyu?"

Mashavu yake yameanza kurudi.