Nilimnyamazisha Mkwe Wangu Akiwa na Uchungu

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mitatu, fundi cherehani hapa Rwamishenye, Bukoba. Mungu alinijalia mtoto mmoja tu, Mutalemwa. Wasomaji wenzangu, najua wengi mtanilaani kwa haya nitakayosema. Nilaanini... lakini msiniige!

Mwanangu ananunua dagaa kisiwani Goziba. Hukaa huko wiki baada ya wiki, na ziwa likichafuka boti hazitoki. Alipomwoa Kemilembe, binti wa Kagoma kule Muleba, alimleta kwangu tuishi pamoja. Binti mpole, mchapakazi, ananiita Ma kama niliyemzaa. Mimba ilipoingia nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Kliniki wakawaambia wajawazito kwamba kila mmoja anaweza kuja na mtu wake wa kumtia moyo wakati wa uchungu. Moyoni nikajua ni mimi. Nani mwingine? Akamchagua dada yake, Joanitha!

Joanitha alikuwa akija kutoka Kagoma, wanafanya mazoezi uani. Anamsugua kiuno kwa viganja. Anamwinamisha, amshike mabega, wayumbe taratibu kama wanaocheza. Anamwambia avute pumzi, aitoe polepole. Wanacheka! Mimi niko kwenye cherehani yangu, nawatazama dirishani, roho inanichoma...

Mbona mimi hakuna aliyenisugua? Mutalemwa nilimzaa nimeuma kanga, mama mkwe wangu amesimama mlangoni akinionya nisimwaibishe. Nilijiambia huo ndio uanamke. Kumbe lilikuwa donda, nami nilikuwa nalitunza!

Uchungu ulimwanza Kemilembe asubuhi, anafagia. Mutalemwa yuko Goziba. Akashika ukuta, akaniambia, "Ma, simu yangu haina chaji. Nakuomba umpigie dada aje."

Nikatoka barazani na simu yangu. Nikaiweka sikioni. Sikubonyeza namba yoyote! Nikasimama pale kidogo, nikarudi ndani na kusema, "Hapatikani."

Akanitazama. "Jaribu tena, Ma." Nikasema tutachelewa, twende.

Wodini niliingia mimi. Muuguzi, binti mwenye heshima, alinionyesha mahali pa kumsugua mgongoni, akanipa maji nimnyweshe, akasema akitaka kutembea nimshike mkono. Alipoondoka kumhudumia mwingine, nilikaa kwenye kiti nikakunja mikono. Kemilembe alinyoosha mkono kunitafuta. Nikaacha mkono ule uelee hewani... Nauona hadi leo!

Alipolia, nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Nikamwambia, "Jikaze! Unanitia aibu. Inauma kwa kila mtu."

Akanyamaza. Toka hapo hakutoa sauti tena, hata mtoto alipotoka. Mtoto wa kike, mzima, ana nywele tele. Nami nikajisifu kwa majirani kwamba mkwe wangu kazaa kimya kama wanawake wa zamani. Mimi mjinga!

Joanitha alipopata habari alikuja mbio, macho mekundu, akiuliza kwa nini hakupigiwa. Nikasingizia mtandao. Akataka abaki amwangalie mzazi. Nikamjibu, "Nyumba hii ina mwenyewe." Akamkumbatia mdogo wake, akaenda.

Nilimpikia Kemilembe ndizi, nikamkorogea uji. Chakula hakikukosekana. Lakini je, niliwahi kukaa kitandani kwake nikamuuliza, mwanangu, unajisikiaje? Hata siku moja! Alipokuwa akijifunika blanketi jua likiwaka, nilidhani ni kudeka. Alipoacha chakula, nilinung'unika kwamba anadharau mapishi yangu.

Halafu siku moja, wiki haijaisha tangu azae na Mutalemwa bado amezuiwa na ziwa, baada ya chakula cha mchana mtoto akalia sana. Akalia, akalia... Nikaingia kwa hasira nimgombeze mama yake. Kemilembe alikuwa amelala macho wazi, hanioni. Nilipomgusa, mwili ulikuwa unawaka! Na ile harufu shukani... Mungu wangu! Niliishi naye chini ya paa moja sikujua kwamba anaoza!

Hospitali walisema ni maambukizi kwenye kizazi, yamechelewa mno. Wakampasua. Uhai wake waliuokoa. Kizazi wakakitoa.

Daktari aliniuliza homa ilianza lini. Nilikuwa sijui!

Mutalemwa alivuka ziwa, akafika hana hata viatu vya maana. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mke wangu, kwa nini hukusema unaumwa?"

Kemilembe hakunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, "Siku ya kuzaa nilisema inauma, Ma akaniambia nijikaze. Nikajikaza."

Ningeweza kunyamaza hapo. Nikashindwa. Nikawaambia yote, kwamba simu sikupiga, kwamba nilimwonea wivu dada yake. Mwanangu hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisimama, akafungua mlango wa wodi, akaushikilia mpaka nikatoka.

Sasa wanaishi Kagoma, karibu na Joanitha. Ndiye aliyemwuguza, akamkanda, akampokea mtoto ili mama alale, akamsikiliza alipolia bila kumhesabia machozi. Mimi huenda kuwaona baada ya misa. Kemilembe ananikaribisha, ananiwekea chakula, ananipa mjukuu nimbebe. Aliniambia, "Ma, nimekusamehe. Lakini usiniombe nisahau." Nikala chakula chake, kinashuka kama mawe. Najua mjukuu huyu hatapata mdogo wake, na aliyemnyima ni bibi yake!

Kina mama wenzangu, nawasihi. Mwanamke akiwa na uchungu, mpe mtu anayemtaka yeye, hata kama si wewe. Msugue kiuno, mpe maji, mshike mkono. Akilia, mwache alie! Na akisharudi nyumbani na kichanga, usiishie jikoni. Kaa naye, mguse paji la uso, muulize mara mbili anajisikiaje. Maumivu uliyopitia wewe peke yako si urithi wa kumwachia mkwe. Mimi niliurithisha... na kila nikitembea Kagoma naona nilichovuna.