Nafasi ya Mzee Joakim

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Esteria alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akapangusa masizi ya koroboi mezani alipokuwa akisomea. Alikuwa darasa la saba katika kijiji kimoja cha kata ya Lingeka, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitano. Moshi ulimchoma macho kila jioni, lakini alikuwa ameapa kwamba hatafeli.

Mwezi ule ulikuja mpango wa ruzuku ya umeme wa jua. Kaya iliyochaguliwa ingelipia sehemu ndogo tu ya bei, na serikali ingelipia iliyobaki. Mama yake, Nyamizi, hakujua kusoma, hivyo Esteria ndiye aliyejaza fomu. Swali moja lilimsimamisha: "Je, kaya ina paneli yoyote ya sola?" Walikuwa nayo moja, ndogo kama daftari, ya kuchajia simu. Aliogopa isije ikawakosesha ruzuku. Akaandika "Hapana", na mama akaweka dole gumba bila kuuliza.

Wiki mbili baadaye majina yakabandikwa nje ya ofisi ya kata. Jina la Nyamizi lilikuwa la arobaini, la mwisho kabisa. Esteria alikimbia njia nzima kwenda kumwambia mama.

Kesho yake shuleni, rafiki yake Winnie aliketi kando yake.

"Sisi tumekosa," alisema. "Babu amekuwa wa arobaini na moja, na nafasi ni arobaini tu. Wanasema awamu hii ni ya nyumba zisizo na sola kabisa."

Babu yake Winnie, Mzee Joakim, hata simu yake alikuwa akija kuichajia kwa akina Esteria.

Jioni hakula. Alimfuata mama jikoni.

"Mayu, nimekosa. Kwenye fomu niliandika kwamba hatuna paneli."

Nyamizi aliweka mwiko chini. "Na dole gumba langu liko pale?"

"Ndiyo, mayu."

"Umenitia aibu, Esteria."

"Najua. Kesho naenda kwa mtendaji wa kata kusema ukweli, hata kama watatufuta."

Mama aliuchukua tena mwiko. "Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Asubuhi walitembea mpaka ofisi ya kata. Mtendaji, Mama Harieth, aliyehamishiwa Lingeka kutoka Kagera, aliwakaribisha viti. Esteria hakuketi.

"Shikamoo, mama. Fomu yetu ina uongo. Mimi ndiye niliyeuandika." Alieleza yote, mpaka habari ya Mzee Joakim.

Mama Harieth alichukua kalamu, akakata jina la Nyamizi na kuandika la Joakim. Esteria aliuma midomo asilie.

"Kaya zenye paneli ndogo zina awamu yake, ya pili," mtendaji alisema. "Jazeni fomu upya. Safari hii umsomee mama kila swali kabla hajaweka dole."

Esteria akafanya hivyo palepale. Kisha miezi ikapita. Taa ziliwaka kwanza kwa Mzee Joakim, na Esteria akawa anakwenda kusoma huko na Winnie kila jioni, bila kukosa hata moja.

Mwezi wa nane, fundi alipanda juu ya bati la akina Esteria. Jioni Mama Harieth alifika kukagua kazi. Nyamizi akabonyeza swichi, nyumba nzima ikang'aa.

"Esteria," mtendaji alisema, "ruzuku ni mali ya watu wote. Anayedanganya kwenye fomu anamnyang'anya jirani yake, hata kama hakukusudia. Ukikosea, rudi mwenyewe ukarekebishe mapema, kama ulivyofanya. Usingoje kufuatwa."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, kasome. Mtihani hausubiri mtu."