Mstari wa Kwanza

“Futa, nimesema!”

“Mjomba, mstari huu umekukosea nini? Una mikwaju miwili mbele yake, alama ya maelezo tu. Kompaila inauruka tu inapojenga programu, haiusomi.”

“Kompaila haisomi, wenye zahanati wanaoinunua programu watasoma. Futa, Kidole, au shule uisahau.”

Mjomba, fundi mwenye duka la kompyuta, alimwita mpwa wake Kidole kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja. Binti akasogeza kishale hadi kwenye mstari ule. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu aache masomo. Programu ya foleni ya wagonjwa ikifanya kazi leo, zahanati ingelipa, karo ingepatikana, na Jumatatu angevaa sare tena. Na programu yenyewe ndiyo iliyomfunza kazi hii. Aliisoma neno kwa neno kwenye kompyuta kuukuu yenye mfumo mwepesi wa Linux, maana mashine nzuri mjomba hakumruhusu hata kuzipangusa. Juu kabisa lilikaa jina la aliyeiandika: Kimya, mshirika wa mjomba, aliyekufa akiomba jambo moja tu, jina lake lisiguswe.

Kidole akafuta.

Mjomba akamsukuma pembeni, akaandika jina lake mwenyewe, kisha akaiamuru kompaila ijenge programu. Feni ikakoroma. Kioo kikaandika: *Kosa, mstari wa 1: mwenyewe hayupo.*

“Umeingiza upuuzi gani humu?”

“Si mimi, mjomba. Kompaila haina kosa kama hilo.”

“Usinifanye mtoto wa juzi.”

Akarudia. *Kosa, mstari wa 1: huyu ni mwizi.*

Ikanuka risasi ya kuunganishia nyaya ikiyeyuka, ilhali chombo cha kuchomelea kilining’inia ukutani, baridi. Nyuma yao mtu akakohoa mara mbili, kikavu, kama Kimya alivyozoea kabla ya kumsahihisha mtu.

“Mrudishie jina lake,” Kidole alinong’ona. “Nakuomba, mjomba.”

“Maiti hamiliki kitu!”

Hapo vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, polepole, vikilifuta jina la mjomba herufi moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kila herufi ilipotoka kwenye kioo ilitoka pia kwenye kibao cha duka, na kwenye kitambulisho alichokichomoa mfukoni, mpaka akajaribu kujitaja asiweze, akamgeukia Kidole amtajie, na Kidole, aliyelisikia jina hilo tangu ananyonya, akalitafuta kichwani akakuta pengo tupu kama la jino lililong’oka.

Jina la Kimya likarudi mahali pake. *Imekamilika. Hakuna kosa.*

Mjomba alikuwa kitini analia bila sauti pale mkewe alipofungua mlango. Alimtazama mume aliyeishi naye miaka ishirini kuanzia utosini hadi miguuni, akakunja uso, akasimama palepale kizingitini.

“Kidole, mwanangu, umemwachia mgeni duka? Mtoe huyu mzee upesi. Mjomba wako akirudi akamkuta kwenye kiti chake, hapa patachimbika.”