Balbu Iliyokataa Kuzima

Feni ya kompyuta ilizunguka taratibu kama mtu anayekoroga uji, na waya wa umeme ulikuwa umechomolewa, umelala mezani.

"Umeona?" mke aliuliza.

"Upepo huo," akajibu mumewe, fundi kompyuta ambaye mtaa mzima ulimwita Fyuzi kwa vile hakukawia kuwaka.

Upepo! Jua la mchana, dirisha limefungwa, hata pazia halitikisiki.

Kompyuta yenyewe iliachwa kaunta asubuhi na mteja aliyeondoka bila kuuliza itakuwa tayari lini. Mteja gani huyo? Fyuzi alifungua pawa saplai, lile boksi la chuma linaloigawia kompyuta umeme, akakuta kapasita mbili zimevimba vichwa, zinanuka samaki aliyeoza.

"Tusizibadilishe," mkewe akasema. Naye alikuwa fundi, kazi walijifunza benchi moja. "Tuweke pawa saplai nyingine, hii tukaitupe mbali."

"Kutupa na kuweka jipya ni kazi ya muuza duka. Mimi fundi, mama."

Kapasita hutunza umeme hata waya ukichomolewa, ndiyo maana pale kazini mwiko ulikuwa mmoja: huigusi kabla hujainyonya kwa balbu. Unagusisha nyaya mbili za balbu kwenye miguu yake, balbu inawaka, inafifia, inazima. Ikizima ndipo unatia mkono.

Fyuzi akagusisha nyaya, akazibana hapo hapo. Balbu ikawaka. Wakangoja. Wakanywa chai, inawaka tu. Akaja mtu kununua chaja, akaenda zake, bado inawaka, na kila Fyuzi alipoisogelea ilizidi mwanga.

"Baba, naogopa," mkewe akanong'ona. "Naogopa kweli."

"Unaogopa balbu?" Akacheka, lakini peke yake. "Mimi sishindani na balbu!"

Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia Fyuzi? Akatia mkono balbu ikiwa inawaka.

Hakupiga kelele. Alikakamaa, akaanguka chini ya benchi, na mkewe alipomwekea sikio kifuani hakusikia kitu, akamminya kifua, akamwita kwa jina ambalo mtaa haulijui, huku juu ya benchi balbu ikianza kufifia kwa mara ya kwanza, na ilipozima kabisa kifua cha mumewe kikapanda, macho yakafumbuka, akasema kwa upole, "Nimerudi."

Akainuka, akabadilisha kapasita zote mbili, mikono haitetemeki hata kidogo. Mteja hakuja tena.

Tangu hapo Fyuzi hakubishana na mtu. Kila kitu "sawa, mama." Redio ikawa inakwaruza akipita. Akilala hafumbi macho, kifuani mnavuma kama feni, na shuka zinanuka samaki hata zikifuliwa. Mke akamwita shangazi yake, mpunga pepo. Shangazi aliishia mlangoni, ameziba pua.

"Shangazi, mtoe."

"Kumtoa naweza," akajibu kwa sauti ya chini. "Lakini huyo ndiye anayempandisha kifua. Akitoka, utabaki na maiti. Amua mwenyewe, mwanangu."

Aamue! Jamani, mume ni kapasita?

Jioni moja hakuweza tena kuvumilia. Akachukua balbu ile ile, akakaa kitandani kando ya mumewe, akagusisha waya mmoja kwenye kidole gumba cha mume na wa pili kwenye kidole cha shahada. Ikawaka. Akazishika nyaya hapo hapo, machozi yakimtiririka, maana alimpenda mno yule mbishi wake na alitaka kujua kama amebaki humo, na mwanga ukaanza kufifia, na mvumo wa kifuani nao ukafifia, na midomo ya Fyuzi ikacheza, ikatoka sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, ya ukali, ikitokea mbali kama chini ya kisima.

"Mama, usitoe nyaya! Acha izime. Humu kubaya. Niache niende."

Kifua kilikuwa kinashuka, kinashuka, hakipandi.

Akashindwa. Akazivuta nyaya.

Kifua kikapanda. Macho yakageuka yakamtazama kwa upole.

"Nimerudi," ikasema ile sauti nyingine, na mikono ya mumewe ikamkumbatia.